Habari za Maisha ya Farrokh Bulsara, Mwimbaji Mzaliwa wa Unguja

Mgeni ashukaye katika uwanja wa ndege wa Unguja hushika njia ya mjini, naye hupita hapa kwetu Kiembe Samaki kabla hajaziona nyumba za mawe. Wengi wa wageni hao wana nyumba moja waitafutayo, iliyoko Shangani, ambayo tangu mwaka 2019 imefanywa mahali pa kumbukumbu ya mtu mmoja. Ulimwengu wamjua kwa jina la Freddie Mercury, bali wazazi wake walimwita Farrokh Bulsara. Watu wengi wanajua ya kuwa aliimba roki, yaani muziki wa magitaa ya umeme na ngoma za kishindo. Ni wachache wajuao jinsi alivyojifunza, akiwa mtu mzima mwenye sifa duniani kote, kuupenda muziki wa opera, hata akaketi miguuni pa mwimbaji aliyemzidi. Habari hiyo ndiyo nitakayoieleza zaidi. Nyingine nitazipitia upesi.

Tena niseme kwa nini naandika. Yuko kijana mmoja wa kwaya yetu apendaye gitaa la umeme kuliko chakula chake. Siku moja aliniuliza kwa nini nawasumbua kwa nyimbo za watu waliokufa zamani, kama Bach, ambaye amekufa tangu mwaka 1750. Nilimjibu kwa ukali, naye akanyamaza, wala hakusadiki. Haya yafuatayo ndiyo ningalipaswa kumwambia.

Farrokh alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946 katika hospitali ya serikali mjini Unguja. Baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa karani wa fedha katika serikali ya Waingereza. Mama yake aliitwa Jer. Walikuwa Waparsi, wazao wa Waajemi waliohamia Bara Hindi zamani sana pamoja na dini yao ya Zoroasta. Umbu lake mdogo, Kashmira, alizaliwa mwaka 1952. Alipokuwa na umri wa miaka minane hivi wazazi wakampeleka Bara Hindi, katika Shule ya Mtakatifu Petro huko Panchgani, mji wa milimani usio mbali sana na Bombay. Wasomaji waliopata kulala shule za bweni wangali wadogo watajua uchungu wa mtoto aliyetengwa na mama yake kwa bahari nzima. Zaidi ya hayo wenzake walimcheka kwa ajili ya meno yake, maana alizaliwa na meno manne ya ziada nyuma, nayo yaliyasukuma ya mbele. Alipokuwa tajiri angaliweza kuyang'oa, lakini aliogopa yasije yakaondoka pamoja na sauti yake.

Katika shule ile mkuu wake aliona ya kuwa mtoto huyu ana kipawa, akawaandikia wazazi wake kuwauliza kama wangekubali kulipa ada ya ziada ili afundishwe piano. Wakakubali. Akajifunza kusoma noti na kupiga kwa vidole vyote kama desturi ya Ulaya, akafaulu mtihani mpaka daraja ya nne. Tena aliimba katika kwaya ya shule. Lakini mwaka 1958 yeye na wavulana wenzake wanne wakaunda kikundi, wakakiita The Hectics, wakapiga nyimbo za vijana zilizotoka Marekani na Uingereza. Basi angalieni: piano ilikuwa ile ile, na mikono ilikuwa ile ile. Mchana alipiga mazoezi ya mwalimu, na jioni aliigonga hata wenzake wakaruka.

Mwaka 1963 akarudi Unguja. Tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yakatokea, serikali ya Sultani ikaanguka, na watu wengi wakafa. Nyumba ya Bulsara wakaondoka mwaka huo huo, wakahamia Feltham, karibu na London. Kijana alikuwa na umri wa miaka kumi na saba. Hakurudi kukaa hapa tena. Huko akasoma kazi ya kuchora katika chuo cha Ealing, akamaliza mwaka 1969.

Mwaka 1970 akajiunga na Brian May, mpiga gitaa, na Roger Taylor, mpiga ngoma, na mwaka uliofuata akaja John Deacon. Kikundi chao kiliitwa Queen. Mambo yao ya roki yameandikwa mahali pengi, wala sina haja ya kuyarudia yote. Nitataja wimbo mmoja tu, uitwao Bohemian Rhapsody, wa mwaka 1975, kwa sababu ndipo mlango wa opera ulipoanza kufunguka kidogo.

Wimbo huo ni wa dakika sita kasoro kidogo, na siku zile wimbo wa redio ulikuwa wa dakika tatu hivi. Wakubwa wa kampuni waliona ya kwamba ni mrefu mno. Hauna kiitikio. Huanza kwa sauti za watu peke yake, kisha huingia piano kwa utaratibu, halafu katikati ghafla hutokea kama kundi kubwa la waimbaji wa opera wakijibizana, juu na chini, ndipo roki inapolipuka. Sisi tuimbao kwa sauti nne twajua kazi ya kupanga sopran, alto, tenor na besi, na jinsi mtu mmoja akikosea kwaya yote huyumba. Lakini kundi lile halikuwa kubwa; walikuwa watu watatu tu, Mercury, May na Taylor. Waliimba sehemu moja, wakaiweka katika ukanda, wakaimba nyingine juu yake, na nyingine tena, karibu muda wa majuma matatu, hata ukanda wenyewe ukachakaa kwa kupitishwa mara nyingi katika mashine. Katika Uingereza wimbo ulikaa wa kwanza majuma tisa.

Hata hivyo kwa maoni yangu ile haikuwa opera bado. Ilikuwa opera ya mtu aliyeisikia akiwa nje ya nyumba, akaipenda nguo yake, akaivaa kwa mchezo. Nyumbani mwenyewe hajaingia. Mwaka 1979 alicheza na kuimba pamoja na wachezaji wa Royal Ballet katika jumba la Coliseum, London, kwa ajili ya kuchanga fedha za wenye shida, na hapo alijifunza ya kuwa watu wa sanaa ya zamani hufanya kazi ngumu kuliko alivyodhani. Bado ilikuwa kuvaa nguo tu.

Mambo yaligeuka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mtumishi wake, Peter Freestone, aliwahi kufanya kazi ya kutunza mavazi katika jumba la opera la Covent Garden, naye aliijua vema sanaa ile. Mercury alikuwa ameanza kumpenda Pavarotti, Mwitaliano mwenye sauti ya tenor, kwa santuri zake. Basi wakaenda kumsikia katika opera ya Verdi iitwayo Un ballo in maschera. Kwa wasomaji wasiojua, opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa, na orkestra nzima hupiga mbele ya jukwaa. Mwimbaji hana mikrofoni. Katika roki sauti hubebwa na umeme. Katika opera mtu husimama na pumzi yake tu, akavuka vinanda vyote mpaka kiti cha mwisho. Mtu aliyezoea mitambo iliyojaa malori akiona hayo kwa mara ya kwanza, lazima atikisike.

Pavarotti akaimba, Mercury akafurahi. Ndipo akatokea mwanamke, Montserrat Caballé, Mhispania wa mji wa Barcelona, aliyezaliwa mwaka 1933. Alisifiwa hasa kwa kuishika sauti ya juu kwa upole, nyembamba kama uzi, bila kukatika, kwa pumzi ndefu kupita desturi. Tangu dakika ile Mercury akamsahau Pavarotti aliyekuja kumsikia. Akatafuta santuri za yule bibi, akazisikiliza nyumbani mara nyingi. Hivyo ndivyo alivyojifunza: hakuanza na vitabu wala na majina ya watunzi. Alishikwa na sauti moja, akaifuata kokote ilikokwenda.

Msomaji asidhani ya kuwa aliiacha roki. Tarehe 13 Julai 1985, katika uwanja wa Wembley, kwenye tamasha la kuwasaidia wenye njaa wa Ethiopia, alisimama mbele ya watu wapatao 72,000, na kwa muda wa dakika ishirini hivi aliwashika wote mkononi mwake. Sisi wa Unguja hatuna haki ya kuona ajabu mtu akipenda miziki miwili. Katika Nadi Ikhwani Safaa, chama cha taarab kilichoanzishwa mwaka 1905, fidla ya Ulaya hupigwa pamoja na udi na kanuni, wala haulizi mtu ilitoka bandari gani.

Mwaka 1986, akiwa Hispania pamoja na Queen, alisema hadharani katika televisheni ya kwamba Caballé ndiye mwenye sauti bora kuliko zote. Habari zikamfikia bibi. Mwezi wa Machi 1987 wakapatana kuonana Barcelona katika hoteli ya Ritz. Huyu aliyekuwa hawaogopi watu elfu sabini alikwenda kwa hofu, kama mwanafunzi aendaye kwa mwalimu. Alikuja na Mike Moran, mpiga piano, na ukanda wa nyimbo walizozitunga. Mmoja haukuwa na maneno, ni sauti tupu ya kupanda na kushuka, ambayo Mercury mwenyewe aliiimba kwa sauti ya juu kama ya mwanamke. Bibi akaupenda, akauchukua, na siku chache baadaye akauimba Covent Garden, Moran akiwa kwenye piano na Mercury akiwa kati ya wasikilizaji. Usiku ule wakaenda nyumbani kwa Mercury, wakaimba kandokando ya piano mpaka karibu na mapambazuko.

Mercury alitazamia wimbo mmoja tu. Bibi akauliza santuri ya roki huwa na nyimbo ngapi, na aliposikia hesabu yake, akataka wafanye santuri nzima. Tena akaomba mmoja uwe wa mji wake. Ndipo ulipotungwa wimbo wa Barcelona.

Na katika majira yale yale, mwaka 1987, Mercury akaambiwa na waganga ya kuwa ana ukimwi. Katika maisha yake alimpenda Mary Austin miaka kadhaa, naye akabaki rafiki yake hata mwisho. Baadaye aliishi na wanaume. Mimi si mwamuzi wake. Ugonjwa ule wengi wetu twaujua, maana tumezika ndugu zetu kwa huo, visiwani na bara. Dawa za leo hazikuwako. AZT ilikuwa ndiyo kwanza imekubaliwa mwaka ule. Kwa hiyo alipoanza kazi ngumu kuliko zote alizozifanya, alijua ya kuwa siku zake zimehesabiwa, naye aliwaficha watu wengi.

Kazi ilikuwa hivi. Bibi Caballé alikuwa na safari za kuimba zilizopangwa miaka mingi mbele, hivyo hawakuweza kukaa pamoja siku nyingi. Mercury na Moran walitengeneza nyimbo London, na Mercury akaimba sehemu zake mwenyewe, kisha na za bibi kwa sauti ya juu, ukanda ukapelekwa kwake ajifunze. Bibi akaja, akasimama, akaimba. Yeye alizoea kuimba yaliyoandikwa na watunzi waliokwisha kufa. Sasa mtunzi alikuwa mbele yake, akimtazama. Mercury naye alizoea kurudia na kurudia mpaka ipatikane. Sasa aliona mtu anayeipata kwa pumzi moja kwa sababu ameizoeza miaka thelathini. Sijui ni nani kati yao aliyejifunza zaidi.

Santuri ilitoka Oktoba 1988, ikiwa na nyimbo nane. Tarehe 8 Oktoba mwaka huo wawili hao walisimama Barcelona mbele ya Mfalme na Malkia wa Hispania, wakati bendera ya Michezo ya Olimpiki ilipofika kutoka Seoul. Sitaficha ya kwamba jioni ile walifuatisha kwa midomo sauti zilizokwisha kurekodiwa. Hiyo ndiyo mara yake ya mwisho kuonyesha nyimbo jukwaani mbele ya watu.

Tarehe 23 Novemba 1991 alitangaza ugonjwa wake, na kesho yake jioni akafariki nyumbani mwake Kensington, mwenye umri wa miaka 45. Makuhani wa dini ya wazazi wake waliendesha mazishi. Mle ndani ilipigwa santuri ya Caballé akiimba Verdi.

Mwaka 1992 Olimpiki ikafanyika Barcelona, na wimbo wao ukasikika tena. Katika Uingereza ulipanda mpaka nafasi ya pili, ambapo mwaka 1987 uliishia ya nane. Mwaka 1999, katika fainali ya mpira ya Ulaya iliyochezwa Barcelona, bibi aliuimba uwanjani peke yake, na sauti ya mwenziwe ikatoka katika ukanda. Naye alifariki mwaka 2018.

Kijana wangu wa kwaya atapenda kujua neno moja zaidi. Sehemu kubwa ya vinanda visikikavyo katika santuri ile ya mwaka 1988 haikuwa orkestra, bali Moran na vinanda vya umeme. Mwaka 2012 orkestra ya Prague ilikusanywa, fidla za kweli, tarumbeta za kweli na ngoma za kweli, ikapiga nyimbo zile chini ya sauti mbili za kale, na santuri ikatolewa upya.