Cameron mlangoni pa Lukuga

Mtu akisimama leo Kalemie, pale Lukuga inapoanzia, huona maji yanaliacha ziwa Tanganyika kwenda magharibi, wala hana la kubishania. Kati ya 1874 na 1879 wasomi wa Ulaya walilibishania sana jambo hilo. Aliyelianzisha ni Verney Lovett Cameron.

Nilianza kumsoma kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nakusanya majina ya samaki kwa wavuvi wa Piana-Mwanga. Wazee wawili wakanipa majina mawili ya samaki mmoja. Nikaona mmoja wao kakosea, nikafuta jina lake kwa kalamu. Miezi kadhaa baadaye nikaelezwa kwamba mmoja alitaja samaki mchanga na mwingine samaki aliyekomaa. Katika daftari langu sikuwa nimeandika nani alisema nini, wala alikuwa ameshika samaki wa ukubwa gani.

Cameron alizaliwa 1844 karibu na Weymouth, Uingereza, akaingia jeshi la majini 1857, bado mtoto. Alitumikia katika meli zilizosaka majahazi ya watumwa pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1873 Shirika la Kijiografia la Uingereza lilimtuma kumsaidia Livingstone. Akaondoka Bagamoyo, na alipokuwa Tabora akiugua homa, Chuma na Susi wakafika na mwili wa Livingstone. Wenzake Cameron mmoja alikwisha kufa njiani, mwingine akajiua katika ugonjwa, wa tatu akarudi pwani. Yeye akasonga mbele mpaka Ujiji, Februari 1874.

Huko alipata mashua mbili, akazunguka sehemu ya kusini ya ziwa akihesabu midomo ya mito. Alihesabu 96 inayoingia, na mmoja tu unaotoka. Huo mmoja, Lukuga, aliufikia mwezi wa Mei. Alipima mwendo wa maji, akatazama vitu vinavyoelea vinakwenda upande gani, akaingia maili chache mpaka magugu yakamfungia njia. Kwamba mto huo unafika Lualaba hakuona kwa macho. Aliambiwa na chifu wa hapo, ambaye watu wake walizoea kuufuata kwa zaidi ya mwezi. Kwangu hapa ndipo ubora wake ulipo: msomaji anaweza kutenga alichopima na alichoambiwa, na hata jina la cheo cha aliyemwambia lipo.

Mwaka 1876 Stanley akafika mahali palepale, akakuta maji yamelala kwenye matope na mafunjo. Akaandika kwamba ziwa halijaanza kutoka, ila litatoka likizidi kujaa. Nani mwongo? Mwaka 1879 Hore, kisha Thomson, waliukuta mto unakwenda kwa nguvu. Kizuizi cha magugu na udongo kilikuwa kimesombwa, na miaka iliyofuata ziwa likashuka mita kadhaa. Kila mmoja alikuwa ameandika mto wa mwaka wake. Bila tarehe zao, mmoja angefutwa kwa kalamu kama mzee wangu.

Nyangwe nako Cameron alipima kimo cha Lualaba, akakuta uko chini kuliko Nile pale Gondokoro. Basi hauwezi kuwa Nile, kama Livingstone alivyotumaini. Mwaka 1877 Stanley aliufuata mpaka Atlantiki. Cameron mwenyewe alikosa mitumbwi, akageukia kusini, akakwama miezi mingi kwa Kasongo Kalombo, mfalme wa Waluba. Huko alikusanya maneno ya Kirua, kama watu wa pwani walivyokiita Kiluba. Novemba 1875 alitokea pwani ya Angola, Mzungu wa kwanza kuvuka Afrika ya kati toka mashariki hadi magharibi.

Sitaki kumpamba. Njiani alitangaza bonde la Kongo kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, tangazo ambalo serikali yake ililikataa. Septemba 1876 alikaa Brussels katika mkutano ulioitishwa na Leopold wa Pili, na tunajua vipimo vya wasafiri vilimfaa nani. Yule chifu wa Lukuga hakualikwa.

Cameron alikufa Machi 1894, kwa kuanguka kutoka juu ya farasi. Mimi nimerudi Piana-Mwanga na daftari jipya. Ukurasa wa kwanza nimeuchora safu nne: neno, msemaji, tarehe, samaki mwenyewe.