Jean Depara: mpiga picha aliyeuangaza usiku wa Kinshasa

Jina la Jean Depara halijulikani sana mashariki mwa nchi. Lakini mtu akitafuta kujua Léopoldville ya miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa inacheza rumba namna gani, usiku, kwenye meza zenye chupa za bia, atakutana na picha zake. Ni yeye aliyezipiga, wakati ambapo kupiga picha gizani kulikuwa kazi ngumu na ya gharama.

Depara alizaliwa mwaka wa 1928 nchini Angola. Hakupitia shule yoyote ya picha. Mwaka wa 1950 alinunua kamera ndogo ya Adox, ya kutoka Ujerumani, kwa ajili ya kutunza kumbukumbu za ndoa yake. Mwaka uliofuata alihamia Léopoldville, mji ambao tangu 1966 unaitwa Kinshasa. Huko aliishi kwa kazi ndogo ndogo za mikono: kutengeneza baiskeli na kamera, kuuza vyuma chakavu. Fundi anayefungua kamera za wengine anajua vizuri kinachotokea ndani yake, na ujuzi huo ulimsaidia alipoanza kupiga picha kwa ajili ya riziki.

Mwaliko wa Franco

Mlango ulifunguka mwaka wa 1954. Kijana mmoja mpiga gitaa, François Luambo Makiadi, aliyejulikana kama Franco, alimwalika awe mpiga picha wake. Franco alikuwa na miaka 16 tu. OK Jazz ilizaliwa miaka miwili baadaye, 1956. Kufuatana na mwanamuziki wa namna hiyo kulimaanisha kuingia katika kila bare ambamo muziki ulichezwa. Depara alifungua studio yake, akaiita Jean Whisky Depara, lakini kazi yake kubwa ilianza jua likiisha kuzama: Afro Mogambo, Champs-Élysées, Djambo Bar, Show Boat na kwingineko.

Usiku huo ulikuwa na uzito wake. Chini ya utawala wa Wabelgiji, mji uligawanywa sehemu mbili. Mwafrika hakuruhusiwa kuonekana usiku katika mitaa ya wazungu bila kibali. Mchana alikuwa karani, boi au mfanyakazi wa kiwanda, mtu wa kuamriwa. Lakini usiku, katika mitaa ya Waafrika, alivaa suti, akafunga tai, akaketi na mwenzake, na hakuna aliyemwita boi. Depara aliwapiga picha watu hao wakiwa katika hali waliyoichagua wenyewe. Picha nyingi za kikoloni za wakati ule zilimwonyesha Mkongomani akiwa kazini au akitazamwa kama kitu cha ajabu. Katika za Depara, yeye ndiye mwenye meza.

Mwanga mmoja, nafasi moja

Ili kuelewa thamani ya picha hizo, ni lazima kuelewa ugumu wake. Filamu za wakati ule hazikuwa na uwezo mkubwa wa kushika mwanga mdogo. Taa za bare, mara nyingi chache na dhaifu, hazikutosha: mtu anayecheza angetoka kama ukungu. Kwa hiyo mpiga picha wa usiku alitegemea flashi. Nyingi zilitumia ampuli inayowaka mara moja tu, kisha inatupwa. Kila picha ilikuwa na bei yake kabla hata ya kusafishwa, na kosa halikuonekana mpaka filamu ifike kwenye chumba cha giza.

Tena, flashi haisamehi umbali. Mwanga unaomfikia mtu aliye mita 4 ni robo tu ya ule unaomfikia mtu aliye mita 2. Hakukuwa na kompyuta ndani ya kamera ya kufanya hesabu hiyo. Mpiga picha alikadiria umbali kwa jicho, akafungua lenzi kwa kipimo chake: aliyetumia f/8 kwenye mita 2 alipaswa kufungua hadi f/4 kwenye mita 4. Haya yote katikati ya watu wanaocheza na kusukumana.

Ndiyo sababu picha nzuri za bare za enzi hiyo zilipigwa kutoka karibu. Watu wawili au watatu wanajaza picha, uso unang'aa, na nyuma yao ukumbi unazama gizani. Lakini kukaribia hivyo kunahitaji kukubalika. Mgeni akimwelekezea mtu flashi usoni usiku wa manane, anaweza kuleta ugomvi. Depara alikuwa mtu wa humo humo: alijua wanamuziki, alijua wateja, nao walimjua. Watu wengi katika picha zake wanatazama kamera bila woga.

Hakuishia kwenye bare. Alipiga picha za wanamichezo wenye misuli kando ya bwawa la kuogelea, na za wale vijana walioitwa Bills, waliovaa kama wachunga ng'ombe wa sinema za Kimarekani. Wakati nchi ilipopata uhuru, tarehe 30 Juni 1960, alikuwa tayari na miaka kadhaa ya kuutazama mji huo ukijiandaa kuwa wa wenyewe.

Kutoka bare hadi bungeni

Mwaka wa 1975 maisha yake yalibadilika. Zaire ya Mobutu ilikuwa katika siasa ya kurudi kwenye uasilia. Suti na tai zilizojaa katika picha zake zilikuwa zimeachia nafasi abacost. Depara akawa mpiga picha rasmi wa bunge, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka wa 1989. Mwaka huo huo Franco alifariki. Depara mwenyewe alifariki mjini Kinshasa mwaka wa 1997.

Sifa kubwa ilimfikia akiwa kaburini. Revue Noire, jarida lililoanzishwa Paris mwaka wa 1991, lilichangia sana kutambulisha kazi yake. Mwaka wa 2015 picha zake zilikuwemo katika maonyesho ya Beauté Congo, katika jumba la Fondation Cartier mjini Paris. Na mwaka wa 2021, UNESCO ilipoiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu, ulimwengu ulikubali thamani ya muziki ambao yeye aliufuata na kamera kwa miaka mingi.

Kinachobaki kwa wapiga picha wa leo

Kijana anayepiga picha za harusi Goma, Bukavu au Bunia leo ana simu inayoona gizani kuliko kamera yoyote ya Depara. Hata hivyo, sheria za mwanga ni zile zile. Kusogea karibu bado kunazidi kukuza picha kwa vidole. Flashi ndogo ya simu haiwezi kumfikia bibi harusi aliye upande wa pili wa ukumbi. Umeme ukikatika katikati ya sherehe, mtu aliyezoea kukadiria umbali na kusubiri wakati ambapo mchezaji anasimama kidogo bado atarudi na picha.

Kuna pia somo la kutunza. Picha nyingi za Wakongomani wa miaka ile zimepotea kwa unyevu, uporaji na vita. Za Depara zilipona kwa sababu zilikuwa kwenye filamu, na filamu hizo zilihifadhiwa. Picha za leo zinakaa ndani ya simu, na simu ikiibiwa, sherehe nzima inakwenda nayo. Nakala moja kwenye diski na nyingine kwenye karatasi ni gharama ndogo kwa familia itakayotaka, miaka 50 ijayo, kujua wazazi wao walicheza namna gani.