Joseph Thomson na njia ya Uasin Gishu

Yeyote aliyepata kutembea kwa miguu katika nyanda za juu za Uasin Gishu wakati wa kiangazi anaijua taabu yake. Huku Timboroa, palipoinuka zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, usiku baridi hupenya mifupani, lakini adhuhuri jua huchoma, nyasi hukauka, na cheche moja yatosha kuteketeza nyika na kuutia msitu hatarini. Moshi ukitanda, macho huwasha na pumzi huwa nzito. Katika msimu huohuo wa ukame, Januari 1884, kaskazini mwa hapa, kijana mmoja Mskochi wa umri wa miaka 25 alipitishwa akiwa amebebwa na wapagazi, paja lake limechomwa kwa pembe ya nyati. Kijana huyo ni Joseph Thomson.

Thomson alizaliwa Penpont, Uskochi, mwaka 1858, akasomea jiolojia Edinburgh. Mwaka 1878 aliajiriwa kuwa msaidizi wa Keith Johnston katika msafara wa Shirika la Kifalme la Jiografia la Uingereza. Johnston akafa Behobeho mwaka 1879, na uongozi ukamwangukia kijana wa miaka 21. Badala ya kurudi pwani, alisonga mbele hadi Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, kisha akarejea salama.

Safari iliyompa sifa kubwa zaidi aliianza Mombasa mwezi Machi 1883. Alitumwa kutafuta njia ya kufika Ziwa Victoria kwa kuikata nchi ya Wamasai. Muda mfupi kabla yake, Mjerumani Gustav Fischer alikuwa amefika karibu na Naivasha, akapambana na Wamasai na kurudi nyuma. Thomson naye alipoikuta nchi imechafuka hakulazimisha mambo. Alirudi nyuma, akajipanga upya, kisha akaandamana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyeizoea njia ile. Alilipa hongo alilodaiwa, akavumilia dharau, na mara nyingine akajifanya mganga kwa kuyatoa meno yake ya bandia mbele ya watu. Hila ilikuwapo, lakini bunduki haikugeuzwa kuwa ulimi wa mazungumzo. Hakika mwenda pole hajikwai.

Hapa ndipo vitabu vyetu vya shule vinapokosea. Humtaja Thomson kana kwamba alitembea peke yake. Wapagazi wake walizidi mia moja. Manwa Sera, msimamizi wao, alikwisha kumtumikia Stanley. Njia hadi Baringo ilikwisha kukanyagwa na wafanyabiashara wa pwani, na lugha ya misafara hiyo ilikuwa Kiswahili. Maagizo, ugomvi, hesabu za shanga na nyaya, pamoja na habari za maji na chakula, vyote vilipitia katika lugha hii. Bila wakalimani, ramani ya Thomson ingebaki karatasi tupu.

Kutoka Baringo alipanda miinuko ya Elgeyo na kutokea Uasin Gishu. Aliikuta nchi pana isiyo na wenyeji. Wamasai walioipa jina walikuwa wamevunjwa nguvu na vita vya karne hiyo. Jina lenyewe, ambalo ndani yake limo neno la Kimaa la ng'ombe, lilibaki baada ya ng'ombe na wachungaji kuondoka. Disemba 1883 alifika Ziwa Victoria. Wakati wa kurejea alipitia mapango ya Mlima Elgon, na siku ya mwisho ya mwaka nyati akamjeruhi. Baadaye akashikwa na ugonjwa wa kuhara damu, akanusurika kwa shida. Alifika pwani mwezi Mei 1884. Mwaka uliofuata alitunukiwa nishani na kitabu chake kikachapishwa.

Je, upole wake uliwafaa nini wenyeji? Swali hili ni gumu, na mwalimu asiliepuke. Mwaka 1885 Askofu Hannington aliifuata njia hiyo, akauawa Busoga. Mwaka 1888 Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilipewa hati ya kutawala. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi walioipinga, akauawa mwaka 1905. Mwaka 1924 garimoshi lilikwisha kupita Timboroa na kuingia Eldoret, katika ardhi waliyogawiwa walowezi. Thomson hakuyatenda hayo, lakini ramani yake iliwatangulia walioyatenda. Yeye mwenyewe hakuishi kuyaona yote. Alitumikia makampuni ya kikoloni Sokoto na katika nchi ambayo leo ni Zambia, afya ikamtoka, akafa London mwaka 1895, akiwa na miaka 37.

Maporomoko yenye jina la Thomson huitwa pia Nyahururu, na milima aliyoiita Aberdare wengi huiita Nyandarua. Jina lake limesalia kwa swala tomi, mnyama mdogo wa mbugani. Wapagazi waliombeba majeruhi hawakupewa mlima wala mnyama. Mwanafunzi anayeulizwa katika mtihani ni nani aliyefungua njia ya Uasin Gishu ana haki ya kuwaandika wao pia, na mwalimu ana wajibu wa kumpa alama.