Marconi na Simu ya Upepo

Usiku, nikizungusha kifundo cha redio yetu bwenini, mara nyingi husikia stesheni mbili zikisema pamoja, moja ikiimeza nyenziwe. Hapo ndipo nimkumbukapo Guglielmo Marconi.

Alizaliwa Bologna, Italia, mwaka 1874, mama yake akiwa Mwairishi. Mwaka 1895 alipeleka ishara bila waya nyumbani kwao, na mwaka uliofuata akaenda Uingereza.

Mitambo ya siku zile ilikuwa na kasoro kubwa: kila mmoja ulijaza hewa yote kelele. Miwili ikisema pamoja, hakuna aliyefahamu neno. Sir Oliver Lodge alikuwa amekwisha onyesha, mwaka 1897, kwamba mtambo waweza kulinganishwa na wimbi moja tu, kama uzi wa zeze. Marconi aliitengeneza njia hiyo vizuri zaidi, akapata hati ya uvumbuzi nambari 7777 mwaka 1900. Sasa wengi waliweza kugawana hewa moja.

Mwaka 1901 ishara zake zilivuka Atlantiki. Habari hiyo kila mtu anaijua. Lisilosemwa sana ni kwamba kampuni yake iliwakataza watu wake kupokeana habari na mitambo ya kampuni nyingine. Mimi naona lilikuwa jambo baya, maana baharini habari ni uhai. Mkutano wa Berlin wa mwaka 1906 uliamuru meli na stesheni za pwani zipokeane bila kuuliza mtambo ni wa nani, ukazipa mawimbi ya mita 300 na 600.

Linalonipendeza zaidi lilikuja baadaye. Wakubwa waling'ang'ania mawimbi marefu, ya maelfu ya mita, yatakayo milingoti mirefu na nguvu nyingi za umeme. Mawimbi mafupi yalihesabiwa makapi: sheria ya Marekani ya mwaka 1912 iliwasukumia huko, kwenye mita 200 kushuka chini, watu wachezao na redio kwa kupenda tu. Basi hao ndio waliovusha ishara Atlantiki kwa makapi hayo, mwaka 1921! Marconi hakuona haya kuwafuata. Mwaka 1923, merikebuni mwake Elettra, alisikia ishara za Poldhu, Uingereza, mpaka visiwa vya Cape Verde, kwa wimbi la mita 97. Mwaka 1924 sauti ya mtu ilitoka Poldhu ikasikika Sydney, na wimbi la mita 32 likasafiri mbali hata mchana. Mwaka 1926 Uingereza na Kanada zikaanza kupelekeana simu kwa mawimbi mafupi.

Alikuwa pia mfuasi wa Mussolini, nami siwezi kumsifu kwa hilo.

Alikufa Roma mwezi wa Julai, 1937. Stesheni za redio za Uingereza zilinyamaza dakika 2, hewa ikawa tupu.