Thomas Fuller: mtumwa aliyefanya hesabu kubwa bila kalamu

Watu wa Kasongo na Kabambare wanaijua habari ya utumwa. Zamani za Tippu Tip, Kasongo ilikuwa kituo kikubwa cha biashara ya pembe na ya watu, na misafara ilitoka huko kuelekea Tanganyika na pwani. Zaidi ya miaka mia moja kabla yake, upande wa magharibi wa Afrika, meli zilikuwa zinabeba watu kuwapeleka Amerika. Mmoja wao alikuwa kijana wa miaka 14. Jina alilozaliwa nalo halikuandikwa. Lile la utumwani ndilo lililobaki: Thomas Fuller.

Alizaliwa karibu mwaka 1710, akafikishwa Virginia mwaka 1724. Maisha yake yote alilima, karibu na mji wa Alexandria, na mwisho alikuwa mali ya mama mmoja mwenye shamba, Elizabeth Cox. Hakufundishwa kusoma wala kuandika.

Hesabu alijifunza peke yake. Alianza kuhesabu mpaka kumi, kisha mpaka mia, na hapo akajiona tayari ni mtu wa akili. Siku moja akashika mkia wa ng'ombe, akahesabu nywele moja moja: 2,872. Baadaye akahesabu punje za ngano. Polepole akajua kuzidisha namba kubwa kichwani.

Alipokuwa mzee, mabwana wawili wa Pennsylvania, William Hartshorne na Samuel Coates, walisikia habari zake, wakatuma aitwe ili wamjaribu. Mwaka mmoja na nusu una sekunde ngapi? Kwa dakika kama mbili akajibu: 47,304,000. Na mtu aliyeishi miaka 70, siku 17 na saa 12, ameishi sekunde ngapi? Kwa dakika moja na nusu akajibu: 2,210,500,800.

Mmoja wa wale mabwana alikuwa anaandika hesabu ile kwenye karatasi. Akamwambia mzee amekosea, jibu lake limezidi. Fuller akamkumbusha palepale: umesahau ile miaka yenye siku 366. Katika miaka 70 waliingiza siku 17 za namna hiyo, ni kusema sekunde 1,468,800. Bwana akazijumlisha, na namba zikalingana. Kumbe aliyekosea ni mwenye kalamu.

Leo vijana wanaoshindana kuandika programu za kompyuta wanakutana na shida ya namna hiyo. Chombo cha kawaida cha kuwekea namba nzima, chenye biti 32, kinaishia 2,147,483,647. Jibu la Fuller linapita hapo. Ukiliweka ndani, mara nyingi kompyuta haisemi neno. Inatoa -2,084,466,496, kana kwamba mtu ameishi sekunde chini ya sifuri. Dawa yake ni kutumia chombo cha biti 64. Namba ikipita hata hapo, inakatwa vipande, kila kipande kinafanyiwa hesabu yake, na kinachozidi kinapelekwa kwa kipande kinachofuata, kama watoto wa shule ya msingi wanavyojumlisha kwenye ubao. Lakini hata chombo kikubwa namna gani hakimsaidii mtu aliyesahau zile siku 17.

Walimpa na swali la nguruwe. Mkulima ana majike sita. Kila jike linazaa majike sita kwa mwaka, na wote wanaendelea hivyo miaka minane. Hapo kila mwaka idadi inazidishwa kwa saba. Fuller akatoa 34,588,806, na ndiyo hesabu yenyewe.

Daktari Benjamin Rush wa Philadelphia aliandika habari hiyo, na wapinga utumwa wakaitumia kuwajibu waliodai kwamba mtu mweusi hana akili. Watu walitaka kumnunua mzee kwa pesa nyingi, Elizabeth Cox akakataa kumuuza. Alipoambiwa ni huruma kwamba hakusoma, Fuller alijibu kwamba ni afadhali hivyo, maana wasomi wengi ni wajinga.

Alikufa mwaka 1790, na miaka yake karibu 80. Magazeti ya Amerika yalitangaza kifo chake na kusifu akili yake. Uhuru hakuupata.