Celadet Alî Bedirxan, aliyewapa Wakurdi herufi

Wenzangu wa kitivo, tunapojifunza fonolojia tunaikuta alfabeti tayari mezani, kana kwamba haikuwahi kuamuliwa na mtu. Ndiyo maana napenda kusimulia maisha ya Celadet Alî Bedirxan, ambaye aliiamua mwenyewe, kwa lugha yake mwenyewe, bila dola nyuma yake.

Alizaliwa mwaka 1893 katika ukoo wa watawala. Babu yake, Bedirxan Beg, alikuwa amiri wa Botan hadi Dola la Uthmaniya lilipomshinda mwaka 1847 na kumpeleka uhamishoni. Ufalme ulikwisha, lakini ukoo ukashika kalamu. Gazeti la kwanza la Kikurdi, Kurdistan, lilianzishwa Cairo mwaka 1898 na Mikdad Midhat Bedirxan, baba mdogo wa Celadet. Liliandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Mwaka 1919 Celadet alisafiri milimani upande wa Malatya pamoja na Meja Noel, afisa Mwingereza. Wote wawili waliandika maneno na masimulizi ya wenyeji. Baadaye Celadet alieleza kwamba Mwingereza, aliyetumia herufi za Kilatini, alisoma maandishi yake bila shida, hali yeye mwenye lugha alikwama katika yake. Sababu tunaielewa. Katika Kikurmanji, lahaja ya kaskazini, şêr ni simba na şîr ni maziwa. Kwa mwandiko wa Kiarabu wa zamani maneno hayo mawili yaliandikwa sawasawa. Waandishi wa kale wa Kiswahili waliijua taabu hiyo, maana alama tatu za irabu za Kiarabu haziwezi kutenganisha e na i, wala o na u.

Uturuki mpya ulipoinuka, ndugu hao wa Bedirxan walikimbia. Celadet alisoma sheria Ujerumani, na mwaka 1927 akawa rais wa kwanza wa Xoybûn, chama kilichounga mkono uasi wa Wakurdi katika mlima Ararat. Uasi ulizimwa. Wakati huo Wakurdi walikuwa wamegawanyika kati ya Uturuki, Irani, Iraki na Syria, na huko Uturuki lugha yao ilikuwa imefukuzwa shuleni. Basi Celadet akahamishia vita vyake kwenye lugha.

Tarehe 15 Mei 1932, huko Damascus chini ya utawala wa Wafaransa, alitoa namba ya kwanza ya Hawar. Jina hilo ni yowe la kuomba msaada. Namba za mwanzo zilitumia herufi za Kiarabu na za Kilatini pamoja. Kuanzia namba ya 24 zikabaki za Kilatini peke yake. Alfabeti ina herufi 31, irabu 8 na konsonanti 23, na kanuni yake ni sauti moja, herufi moja. Jarida lilisimama mwaka 1935, likarudi 1941, likafungwa 1943 likiwa limefikia namba 57.

Kama mwanaisimu, naona pia alichokiacha. Kikurmanji hutofautisha p, t na k zenye mpumuo na zisizo nao, lakini Celadet hakuzipa herufi tofauti. Aliwaachia wasemaji wajue wenyewe, kama vile maandishi ya kila siku ya Ciluba yanavyomwachia msomaji toni. Kwa maoni yangu alifanya vema: alfabeti ya kufundishia watoto haipaswi kubeba kila kitu anachokisikia mtaalamu.

Gharama nyingine ilikuwa kubwa zaidi. Wasemaji wa Kisorani, Iraki na Irani, waliendelea na herufi za Kiarabu zilizorekebishwa, na hadi leo Mkurdi wa Diyarbakır na yule wa Sulaymaniyah hawasomi gazeti moja kwa urahisi. Huko Uturuki, q, w na x, ambazo hazimo katika alfabeti ya Kituruki ya 1928, zilikataliwa katika majina ya watoto kwa miaka mingi. Serikali ilitangaza kulegeza jambo hilo mwaka 2013 tu.

Celadet hakuyaona hayo. Katika miaka yake ya mwisho alilima pamba karibu na Damascus, akafa mwaka 1951 kwa kuanguka kisimani. Sarufi aliyoiandaa pamoja na Mfaransa Roger Lescot ilichapishwa Paris mwaka 1970.

Leo Wakurdi huadhimisha 15 Mei kuwa siku ya lugha yao. Herufi za Kilatini tunazoandikia Kiswahili zilienezwa na wamisionari na serikali za kikoloni. Zao zilichaguliwa na msemaji aliyekwama kusoma mwandiko wake mwenyewe. Lugha nyingi za nchi yetu bado zinabishaniwa namna ya kuandikwa. Tusingoje wizara ituamulie.