Bibi Den na Nguo za Nili

Ndugu msomaji, nguo yako ikichakaa na kupauka, unaifanyia nini? Labda unaifanya tambara la kufutia meza. Leo utasoma habari za msichana aliyepata elimu kubwa kutoka katika nguo iliyochakaa. Jina lake ni Inoue Den.

Msichana wa Kurume

Den alizaliwa mwaka 1788 katika mji wa Kurume, nchini Japan. Mji huo uko katika kisiwa cha Kyushu, kusini mwa nchi. Baba yake alikuwa muuza mchele. Wakati ule watu wa kawaida walivaa nguo za pamba, na wanawake wengi walizifuma nyumbani. Den alianza kujifunza kufuma akiwa bado mtoto mdogo.

Siku moja, alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, aliitazama nguo kuukuu ya rangi ya buluu. Rangi yake ilikuwa imetoka hapa na pale, ikaacha madoa meupe. Mtu mwingine angeitupa. Den aliona kwamba madoa yale yanapendeza. Akaifumua nguo ile, uzi mmoja mmoja, ili ajue madoa yametokea vipi. Akaona kila uzi ni mweupe mahali fulani na wa buluu mahali pengine.

Basi akafikiri. Je, mtu akiuzuia uzi usipate rangi mahali fulani, hawezi kufanya madoa kama yale kwa kupenda kwake? Akachukua nyuzi nyeupe, akazifunga kwa nguvu hapa na pale. Akazitia katika rangi. Zilipokauka akazifungua, akazifuma. Nguo ikatoka ya buluu, yenye nukta nyeupe kama theluji inayoanguka. Watu wakaipenda, wakataka kuinunua.

Kazi ya rangi

Rangi aliyotumia Den ni nili. Nili hutoka katika majani ya mmea. Huko Japan majani hukaushwa, hulundikwa na kunyunyiziwa maji mpaka yaoze kama mboji. Kisha hutiwa katika mtungi mkubwa uliofukiwa ardhini, pamoja na maji ya majivu na pumba za ngano. Baada ya siku kadhaa maji huchacha na kutoa povu.

Uzi ukichovywa na kutolewa, kwanza huwa na rangi ya kijani. Ukipata hewa, hugeuka kuwa buluu. Fundi huukamua, huupigapiga chini ili hewa ipenye, kisha huuchovya tena. Hufanya hivyo mara nyingi. Kila mara rangi hukolea zaidi. Lakini pale palipofungwa hubaki peupe.

Kufuma picha kama ua au ndege ni kazi ngumu zaidi. Fundi lazima apime kabla ya kutia rangi, ajue kila doa litakaa wapi katika nguo. Akikosea kidogo, ua huharibika. Kijana mmoja wa Kurume, Tanaka Hisashige, alimsaidia Den kupata njia ya kufuma picha. Kijana huyo baadaye alikuwa mvumbuzi maarufu. Karakana aliyoianzisha ndiyo iliyokua hata ikawa kampuni ya Toshiba.

Mjane anafundisha

Den aliolewa, akapata watoto watatu. Lakini alipokuwa na umri wa miaka 28 hivi, mumewe alifariki. Sasa fikiri, msomaji: mjane mwenye watoto watatu, tegemeo lake ni kazi ya mikono yake tu. Pengine wewe ungeificha elimu ile ili uuze peke yako. Den hakuificha. Aliendelea kufuma, na pia aliwafundisha wanawake wengine. Inasimuliwa kwamba wanafunzi wake walizidi 1,000. Wengi wao waliipeleka kazi hiyo katika nyumba zao na vijiji vyao, wakajipatia riziki.

Bibi Den alifariki mwaka 1869, akiwa mzee wa miaka 80 hivi. Kazi yake haikufa. Nguo hizo huitwa kasuri ya Kurume. Mwaka 1957 serikali ya Japan iliitambua kazi hiyo kuwa urithi muhimu wa taifa. Viwanda vikubwa vyenye mashine vilikuja, lakini mafundi wa Kurume bado wanafunga nyuzi na kuzichovya katika nili.

Umeona, msomaji? Den hakuwa na mtaji mkubwa. Alitazama vizuri kitu ambacho wengine hukidharau. Akajiuliza, akajaribu, akafaulu. Kisha akawagawia wenzake alichokijua. Mali ikigawanywa hupungua, lakini elimu ikigawanywa huzidi.

Maswali

1. Den aliona nini katika nguo kuukuu?
2. Kwa nini alizifunga nyuzi kabla ya kuzitia rangi?
3. Uzi hubadilika vipi unapopata hewa?
4. Zungumzeni darasani: Katika kijiji chenu kuna ufundi gani ambao wazee wanaujua na vijana hawajajifunza? Mtafanya nini ili usipotee?